Nani Alimfikisha Kihongwe Hospitali?

Kaeni vizuri, na mwenye simu ailaze kifudifudi. Kuna hadithi za kulalia na kuna hadithi za kugombania. Hii ni ya kugombania, na atakayesinzia atahesabiwa kuwa amekubaliana na jirani yake.

Palikuwa na vijana watatu katika chuo kimoja cha ufundi, chini ya mji wa Kwemtindi, huko milimani ambako ukitaka kumwamkia jirani sharti kwanza upande au ushuke. Vijana hao walitengeneza gari linalojiendesha. Msiwaze gari la waheshimiwa lenye vioo vyeusi. Lilikuwa na upana wa mkokoteni, magurudumu manne ya pikipiki, sanduku mgongoni, na juu yake kijikofia kilichokuwa kikizunguka bila kuchoka kuitazama dunia. Wakalipa jina Kihongwe, kama Waunguja wanavyomwita punda, kwa sababu kazi yake ilikuwa kubeba na kunyamaza.

Wa kwanza aliitwa Semvua, na kipawa chake kilikuwa macho. Utotoni, kwenye mashamba ya mpunga ya Korogwe, alikuwa akiamia ndege wasiumalize, na mwamia ndege hujifunza kutambua kutoka ng'ambo ya shamba ni jani lipi linatikiswa na upepo na ni lipi linatikiswa na mdomo. Yeye ndiye aliyemfundisha Kihongwe kuona: hili ni gunia, huyu ni mbuzi, hiki ni kivuli cha mbuzi, usikipigie magoti.

Wa pili aliitwa Lusajo, na kipawa chake kilikuwa mkono. Kwao Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, aliteremsha mikungu ya ndizi kwa baiskeli iliyokuwa na breki za jina tu. Yeye ndiye aliyemfundisha Kihongwe kushika na kuachia: wapi kukaza, wapi kulegeza, wapi kupinda polepole ili mzigo usijue kama umepindwa.

Wa tatu aliitwa Kokushubira, Koku kwa wenye haraka, na hadithi hii itatembea ubavuni kwake. Kipawa chake kilikuwa njia. Kuendesha hakujua hata baiskeli. Lakini katika ukumbi wa midahalo hakuna aliyependa kupangwa naye, maana kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshayasikia kichwani majibu yote ya mpinzani na kila jibu ameshalichimbia shimo. Ndivyo alivyomfundisha Kihongwe. Aliukata mji mzima vipande vidogo kama vigae, akavipa bei. Kigae kikavu, rahisi. Chenye tope, ghali. Chenye mtu, hakinunuliki. Kihongwe akitumwa mahali, hutafuta njia yenye bei nafuu. Kikitokea kitu mbele yake, bei hubadilika, naye huanza kupanga upya palepale bila kununa.

Kununa alimwachia Koku.

Kwa nini asinune? Wageni walipokuja karakanani walimwomba Semvua awaonyeshe picha, na picha zilikuwepo, za rangi rangi, mbuzi kachorewa mstari mwekundu. Walimwomba Lusajo awaonyeshe breki, na breki zilikuwepo, zinalia na kunyamaza kwa amri. Kisha wakamgeukia Koku.

"Dada, chai hapa hupatikana wapi?"

"Hupatikana kantini," Koku alimjibu mmoja wao, mzee wa tai. "Mimi ni mpanga njia. Nikuchoree ya kwenda huko?"

Mzee wa tai akacheka akidhani ni utani. Ndilo lililokuwa likimchoma. Macho yana picha na mkono una mlio, lakini njia nzuri ni ajali ambayo haikutokea, na ajali ambayo haikutokea utaipiga picha vipi?

Tena kulikuwa na kisa kimoja cha nyuma ambacho sharti mkijue. Katika majaribio ya mwanzo, Kihongwe alikutana na wanawake wanaokwenda msibani, mmoja nyuma ya mwingine, kuni kichwani. Kati ya mama mmoja na mwenzake palikuwa na uwazi wa kutosha. Kihongwe akapita katikati. Hakumgusa mtu, hakuangusha hata ukuni mmoja. Kwa hesabu za chuo, alama mia. Kwa hesabu za Kwemtindi, matusi. "Hata mbwa huuzunguka msiba!" mama mmoja alipaza sauti, na kabla vijana hawajafika kuomba radhi, wanaume wa mtaa walikuwa wameshampindua Kihongwe mtaroni, magurudumu juu, kama mende.

Lusajo alirekebisha vyuma. Semvua alifuta vioo. Koku alikaa likizo nzima na sheria moja tu: watu wanaokwenda pamoja ni kitu kimoja, hata kama kati yao pana uwazi wa kupita tembo.

"Yaani unaifundisha mashine adabu?" Lusajo alimcheka.

"Naifundisha isipinduliwe. Adabu ningeanza na wewe."

Basi. Ikaja habari kutoka karakana moja kubwa ya Dodoma: wanamtaka Kihongwe, wamwendeleze, na wanataka kijana mmoja aende pamoja naye kwa ajira kamili. Mmoja. Mkuu wa idara, Dakta Kisoka, aliuliza kama hawawezi kuongeza kiti, akajibiwa kwamba kiti ni hicho. Masomo yalikuwa yanaisha. Atakayechaguliwa ataendelea na kazi aliyoilea kwa mikono yake. Wawili watakaobaki watarudi makwao kusubiri ajira ambazo hutangazwa kama kupatwa kwa jua. Koku alikwishajiona amekaa barazani kwao Kanyigo, shangazi zake wakimuuliza kwa upole unaoua, "Kwani mwanetu ulisomea nini vile?" Alikitaka kiti kile kwa njaa. Na wenzake walikitaka kwa njaa hiyohiyo, wala hawakufichana.

"Tutaona kwenye jaribio la mwisho," alisema Dakta Kisoka. "Kazi yenyewe itachagua."

Sikieni sasa jinsi kazi ilivyokataa kuchagua.

Siku ya jaribio ilikuwa pia siku ya mazishi. Mwenyekiti wa waendesha bodaboda wa Kwemtindi alikuwa amefariki, na watu wale wana desturi yao. Mwenzao akifa, pikipiki zote huzimwa na kusukumwa kwa mikono, taa zikiwaka, kutoka nyumbani hadi makaburini. Simu huzimwa. Hakuna kubeba abiria mpaka udongo ufunike. Na nyuma ya jeneza huachwa nafasi pana, ambamo pikipiki ya marehemu husukumwa na rafiki yake mmoja tu, kofia ngumu ya marehemu ikiwa juu ya kiti. Nafasi hiyo ni ya marehemu. Haikatizwi hata na kuku.

Kihongwe alikuwa getini, tayari kwa jaribio la sanduku tupu, ndipo muuguzi wa benki ndogo ya damu, iliyo jirani na chuo, alipoingia mbio na kasha la baridi mikononi.

"Hilo gari lenu linafanya kazi au ni la maonyesho?"

"Linafanya kazi," wakajibu wote watatu kwa pamoja, na huenda hilo lilikuwa jambo la mwisho waliloafikiana.

Huko juu, hospitali ya mlimani, kulikuwa na mama aitwaye Nambua, aliyejifungua asubuhi na damu ikakataa kukoma. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mkoani tangu alfajiri. Bodaboda, mmeshasikia. Magari mengine yalikwama nyuma ya msafara, maana barabara ya kupanda ni moja. Na kwa miguu, kasha lile zito, mlima ule, mtu angefika akihitaji damu yeye mwenyewe.

Wakalifunga kasha mgongoni kwa Kihongwe. Wakamtuma. Kisha wakarudi karakanani kusimama mbele ya skrini iliyoonyesha safari yake, kwa sababu hawakuwa na la kufanya tena. Kihongwe hakuendeshwa kwa mbali. Palikuwa na kitufe kimoja tu chekundu cha kumsimamisha, na ukikibonyeza, haondoki tena mpaka umfuate pale aliposimama. Chochote walichotaka kumwambia walipaswa wawe wamemwambia zamani.

Semvua alisogea mbele, Lusajo akasimama juu ya stuli. Dakta Kisoka alikunja mikono nyuma yao, na Koku akatafuna kucha aliyokuwa ameapa kutoitafuna.

Kihongwe akapanda mpaka sokoni, na pale akaukuta msafara. Kulia ukuta wa msikiti, kushoto ukuta wa ghala, katikati watu na pikipiki zinazosukumwa kimyakimya. Jeneza lilikuwa ndiyo kwanza linaupita mdomo wa njia ya mkato iendayo mlimani, upande wa pili wa barabara. Na nyuma ya jeneza, wazi kabisa, safi kabisa, ile nafasi.

"Pale! Pale!" Lusajo aliruka kutoka kwenye stuli. "Katiza pale! Ng'ambo tu hapo, halafu ni kupanda tu mpaka hospitali!"

Kihongwe akasimama. Kijikofia chake kikazunguka. Akageuka, akaipa mgongo nafasi ile, akaanza kuufuata uchochoro wa nyuma ya ghala, mrefu, uliopinda, unaopita kwenye soko la mboga.

"Anakwenda wapi? Koku! Gari lako linazunguka mji na mama wa watu anakufa!"

"Linauzunguka msiba."

"Hakuna anayekufa kwa kukosa adabu!"

"Leo yupo!" Koku alimgeukia, macho yamemwiva. "Lingekatiza pale, lingepinduliwa kabla halijafika ng'ambo. Damu ingekuwa mtaroni. Umesahau, au ulikuwa unacheka tu?"

Lusajo akarudi juu ya stuli, si kwa kukubali, bali kwa sababu skrini ilikuwa inaonyesha uchochoro.

Uchochoro ule, siku za soko, ni stoo ya wauza kabichi. Magunia kushoto, matenga kulia, na katikati kijia kinachotosha mtu na mzigo wake. Kihongwe alikwenda vizuri. Akakwepa tenga, akakwepa miguu ya kijana aliyelala na kofia usoni. Kisha mbele yake kukawa na kanga imetandazwa chini, bapa, katikati ya njia. Kila mtu anajua kanga iliyotandazwa sokoni ni kanga iliyotandazwa sokoni. Maharage yameshauzwa, mwenye kanga amekwenda kunywa uji.

Kihongwe akasimama.

"Pita!" Koku alifoka. "Ni nguo! Nguo ina bei ya vumbi, nimeiweka mwenyewe. Semvua, macho yako yamepatwa na nini?"

"Subiri."

"Subiri nini? Upepo unaitikisa tu!"

"Upepo hauvuti pumzi," alisema Semvua.

Naam. Ile nguo ilikuwa ikipanda na kushuka, polepole, kwa mwendo mmoja, pembe zake zikiwa zimetulia. Semvua alikuwa amemfundisha Kihongwe tofauti hiyo, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa ni kupoteza muda. Kihongwe akapiga honi yake ndogo. Akatokea mama mmoja mbio kutoka nyuma ya magunia, akainua kanga, na chini yake, kwenye kishimo kidogo alimokilaza ili jua lisikipige, palikuwa na kitoto kichanga, kinanyonya kidole usingizini.

Koku akaacha kutafuna kucha. Bei ya vumbi. Aliiweka mwenyewe.

Kihongwe, ambaye hajui aibu wala fahari, alipanga upya, akampita mama na mwanawe kwa upande, akatoka sokoni.

Ikabaki sehemu moja: mteremko wa kando ya mfereji. Kwa sababu ya kuzunguka, Kihongwe sasa alikuwa anaifikia hospitali kutoka juu, kupitia kijia cha udongo mwekundu ambacho mvua ya usiku ilikuwa imekifanya sabuni. Huku ukingo, kule mfereji wa maji unaonguruma. Kihongwe akaanza kushuka, na baada ya hatua chache tu sehemu yake ya nyuma ikaanza kwenda upande. Mnajua gari linavyoteleza: kwanza kwa adabu, halafu bila adabu.

"Anaanguka!" Semvua akanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu. "Msimamishe! Msimamishe!"

Lusajo akaudaka ule mkono hewani.

"Ukimkaba hapo umemuua. Gurudumu likifungwa linakuwa sahani, na sahani kwenye tope haina mwenyewe."

"Anaachia breki, Lusajo! Mtu anateleza halafu anaachia breki?"

"Ndiyo! Anaachia apate kushika. Niachie na wewe!"

Wakabaki wameshikana kama wacheza mieleka, macho kwenye skrini. Kihongwe akalegeza, gurudumu likazunguka, likashika. Akakaza kidogo, akalegeza tena. Nyuma yake ikarudi mahali pake. Akashuka hivyo, kidogo kidogo, kama mwanamke mwenye mtungi kichwani anayejua watu wanamtazama. Mwishoni pakaonekana geti la hospitali, na muuguzi aliyekuwa akiruka ruka akipunga mikono yote miwili, kana kwamba gari linaona salamu.

Kasha likafunguliwa. Damu ilikuwa salama. Jioni ile wakaambiwa Nambua amekaa kitandani, anadai chai ya tangawizi, na analalamika kuwa imepoa.

Shangwe ilidumu kadiri shangwe zinavyodumu. Kesho yake simu ya Dodoma ikalia. "Tumesikia habari njema. Leo tunahitaji jina."

Dakta Kisoka akawaita watatu hao ofisini. Kumbe hawakuwa peke yao, maana mji mdogo haujui kufunga mlango. Alikuwepo Chande, rafiki wa marehemu, yule aliyesukuma pikipiki. Alikuwepo mama wa kichanga, mwanawe mgongoni. Alikuwepo mume wa Nambua, shati limechomekwa upande mmoja, hajalala.

Chande alianza. "Mimi sijasoma magari yenu. Ila nililiona lile gari limesimama, likatutazama, likageuka. Katika magari yote ya mji huu, hilo ndilo lililomzika ndugu yetu kwa heshima. Aliyelifundisha hilo ndiye apewe. Na niwaambie ukweli, lingekatiza, vijana wangu wasingeuliza limebeba nini."

"Heshima ya maiti ni nzuri," alisema mama wa kichanga, "lakini huyu hapa yu hai. Kila nikimfunika sasa, namfunua tena kumtazama. Aliyeona kuwa nguo inapumua, huyo. Mwingine simjui."

Mume wa Nambua alikohoa. "Mimi nasema wa breki. Mnisamehe. Njia ilikuwa njema, na macho yalikuwa mema, na kasha lingeishia mferejini na hayo yote. Mke wangu hakuongezwa macho wala njia. Aliongezwa damu, na damu ilifika kwa sababu ya breki."

Dakta akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akaivua tena. "Haya. Semeni wenyewe."

Hapo ndipo Koku aliposimama, na waliomjua wakajiegemeza, maana walijua kinachokuja.

"Dakta, swali lenyewe ni baya," alisema. "Unauliza mguu gani wa stuli ndio unaobeba makalio. Toa wangu, mnaanguka. Toa wa Semvua, mnaanguka. Toa wa Lusajo, mnaanguka. Halafu mtu wa Dodoma, aliyekaa kwenye kiti chenye miguu minne, anatuambia tumletee mguu mmoja! Tukatae. Twende watatu au asiende mtu. Gari lisiondoke hapa."

Chande akapiga makofi. Semvua akatazama sakafu. Lusajo alicheka, kicheko kisicho na furaha.

"Umesema vizuri, Koku. Wewe husema vizuri siku zote. Ila wewe una hasira, mimi nina shida. Nina wadogo wanne nyuma yangu. Nikikataa kiti kwa ajili ya hotuba yako, watakula hotuba?"

"Kwa hiyo kiti ni chako kwa sababu una wadogo?"

"Sikusema ni changu. Nimesema asikikatae mtu kwa niaba yangu."

"Na mimi sikatai," alisema Semvua kwa sauti ya chini. "Tukikataa, watachukua gari la chuo kingine. Tutakuwa watatu wenye msimamo na hakuna mwenye kazi. Afadhali aende mmoja."

"Yupi?" Koku aliuliza. "Sema basi. Wewe, ambaye ungebonyeza kitufe mlimani? Lusajo, ambaye angeipeleka damu mtaroni?"

"Au wewe," Semvua alimjibu, bila kumtazama, "ambaye ungekanyaga ile kanga?"

Mama wa kichanga akamsogeza mwanawe kutoka mgongoni hadi kifuani. Na Koku, ambaye katika ukumbi wa midahalo hajawahi kukosa jibu, akaketi. Semvua alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilikuwa ya wote watatu. Kila mmoja alikuwa ameokoa uhai mara moja, na kila mmoja alikuwa karibu kuupoteza mara moja, na kila mmoja aliokolewa na mwenzake aliyekuwa akimzomea.

Simu ya Dakta ikaanza kulia juu ya meza. Namba ya Dodoma.

"Wanangu," alisema Dakta, "mimi nikichagua, wawili watasema nimependelea. Nisipochagua, tumekosa wote."

"Achague Koku," alisema Lusajo.

"Nini?"

"Kila siku unalalamika hakuna anayekusikiliza. Wageni wanakuomba chai. Haya, leo tunakusikiliza. Wewe si mpanga njia? Panga. Jina utakalolitaja, mimi sitalipinga."

"Na mimi sitalipinga," alisema Semvua.

Ungedhani ni heshima. Koku hakudhani hivyo. Miaka mitatu amelilia sauti, na siku ya kupewa, amepewa pamoja na kisu.

"Mnajua mnachonifanyia?" alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, si kwa machozi, ingawa mtu asiyemjua angekosea. "Nikijitaja, mtasema nilikuwa na tamaa tangu mwanzo, na hotuba yote ile ilikuwa moshi. Nikimtaja mmoja wenu, mtasema Koku ana moyo mzuri, ndivyo wanawake wetu walivyo, hujinyima. Na kesho mtaniomba chai. Hakuna hata mmoja wenu atakayeuliza kama nilichagua kwa haki. Mmekwepa, wanaume wawili wazima, mkaniweka mimi katikati ya barabara."

"Kwa hiyo hutaki?" aliuliza Lusajo.

"Sikusema sitaki!"

Dakta akaipokea simu, akasema maneno mawili, akamnyooshea. Koku akaishika. Upande wa pili palikuwa na sauti ya mtu mwenye kazi nyingine za kufanya.

"Haloo? Ndiyo, tupeni jina."

Koku akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Hapo hapo, msipumue kwa niaba yake. Simu iko sikioni, wenzake wameapa kutolipinga neno lake, Chande anamwelekezea kidevu yeye mwenyewe Koku, mama wa kichanga anamtazama Semvua, mume wa Nambua hamwachi Lusajo kwa macho. Bila njia, damu ingemwagika mbele ya msiba. Bila macho, mama mmoja angeokolewa na mwingine angezika. Bila mkono, yote hayo yangeishia mferejini. Na huyo anayetakiwa kukata hukumu ni mmoja wa wenye kesi, anakitaka kiti kwa njaa, na amepewa mizani na watu waliokataa kuishika wenyewe.

Usijibu "wote watatu". Jibu hilo Koku alishalitoa, na walilikataa kwa sababu za kweli. Usijibu "wapige kura", maana kura tatu zilikwishapigwa mbele yenu, kila moja kwa mtu wake. Wala usijibu kwamba swali ni baya. Ni baya, na simu bado iko hewani.

Haya, wewe uliyekaa kimya tangu mwanzo ukijifanya huna upande: kiti ni kimoja, sauti ya Dodoma inauliza mara ya pili, na simu sasa iko sikioni mwako. Je, wewe ungeamua vipi?